Katuba: Paka wa lupango na Mwajemi wa simu

Katika mwezi wa pili, mvua ikiwa bado kali, paka mweusi alipigwa mawe mpaka akafa ndani ya lupango moja ya kartie Upemba, katika mtaa wa Katuba mjini Lubumbashi. Aliyetupa jiwe la kwanza ni kijana wa miaka 17. Waliomaliza kazi ni watoto wa avenyu nzima. Paka alikuwa wa mama mmoja mzee, mjane, aliyekodi chumba cha nyuma katika lupango hiyo. Kosa la paka lilikuwa hili: mtoto mdogo wa nyumba ya mbele alikuwa na homa kwa siku tatu, na usiku wa tatu paka alipanda juu ya mabati, akalia kwa sauti kama ya mtoto mchanga.

« Ile paka haiko ya bure », alisema jirani mmoja wa ng'ambo ya barabara. Neno hilo likatosha.

Kesho yake asubuhi paka alikuwa amekwisha kufa na homa ya mtoto ilikuwa palepale. Ndipo baba yake alipombeba mpaka kituo cha afya. Wakamtoboa kidole, wakasoma kipimo: malaria. Damu ilikuwa imepungua sana, ikabidi aongezewe. Mtoto anaishi, Mungu asifiwe. Lakini siku tatu zilitumiwa kumchunguza paka badala ya kumpima mtoto, na mama yule mzee hakuweza tena kulala kwa amani katika lupango hiyo. Watoto waliokuwa wakimwita « Nkambo » walianza kukimbia kila alipofungua mlango. Mwisho wa mwezi alifunga vyombo vyake, akaenda kukaa kwa binti yake upande wa Ruashi.

Sasa jambo la kushangaza. Katika lupango hiyo hiyo, majuma machache baadaye, simu moja ilikuwa ikipita mkono kwa mkono. Ndani yake kulikuwa picha ya paka mweupe, manyoya marefu kama pamba, uso bapa kama uliobanwa na mlango, macho ya rangi ya shaba. Kila mmoja alisema ni mzuri. Kijana yule yule wa miaka 17 aliuliza bei yake.

Paka wa picha alikuwa Mwajemi, yule Wafaransa wanamwita Persan. Siku hizi vijana wa Katuba wanajua majina ya namna hiyo kama wanavyojua majina ya wachezaji wa mpira: Persan, Siamois, Maine Coon, British, Sphynx. Wanaweka picha zao kwenye WhatsApp. Wengine wanaota kufuga mmoja nyumbani ili kuonyesha kwamba maisha yamebadilika. Kupenda mnyama si dhambi. Shida ni kwamba mtaa mmoja unamtamani paka asiyemjua na kumuua anayemjua, na katika mambo yote mawili unatazama rangi ya manyoya tu.

Ni vizuri basi kumtazama huyo Mwajemi kwa karibu. Ni paka mpole kweli. Hapandi sana, hapigi kelele, anaweza kukaa kwenye kiti mchana kutwa kama mzee aliyekwisha pata pansheni. Lakini manyoya yake lazima yachanwe kila siku, la sivyo yanajifunga mafundo mpaka ngozi inaumia. Pua yake imefupishwa na watu, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu ya uzuri, na matokeo yake wengi wanapumua kwa shida na machozi yanawatiririka usoni bila kukoma. Mnyama kama huyo mwezi wa kumi, joto la Lubumbashi likiwa juu na mvua haijaanza, atahema kama mbwa. Mwezi wa nane, vumbi jekundu la Katuba litamgeuza matofali ndani ya siku mbili. Na familia inayoamka saa kumi za usiku kutafuta maji kwa bido, itamwosha kwa maji gani?

Siamois ana habari nyingine. Huyu asili yake ni Thailand, nchi iliyoitwa zamani Siam. Mwili mwembamba, macho ya buluu, uso na masikio na miguu na mkia vyeusi, sehemu nyingine rangi ya maziwa. Watu wengi wanadhani rangi hizo zilipangwa na mchoraji, kumbe ni joto la mwili. Anazaliwa mweupe mwili mzima, kwa sababu tumboni mwa mama kuna joto. Akisha kutoka, sehemu zinazopoa zaidi, yaani ncha za masikio, pua, miguu na mkia, ndizo zinazogeuka nyeusi. Damu yake ina kasoro ndogo ya kurithi inayoizuia rangi kutoka pale penye joto. Kwa tabia ni msemaji. Anadai chakula kwa sauti, anadai mlango ufunguliwe, anajibu akiitwa. Katika lupango yenye nyumba tano zinazotazamana, paka anayelia namna hiyo usiku kucha atapata kesi gani? Msomaji wa Katuba anajua jibu.

Maine Coon ni mkubwa kupita wote wanaofugwa sana. Dume anaweza kufika kilo 8 na hata kupita. Alitokea jimbo la Maine huko Marekani, penye theluji, ndiyo sababu ana manyoya mazito na mkia kama ufagio. British, yule wa kijivu mwenye mashavu mapana, ni mtulivu, lakini hapendi sana kubebwa. Mwaka 2019 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki walitoa matokeo yaliyotokana na habari za paka zaidi ya 5,000 wa aina mbalimbali, na huyo British ndiye aliyeonekana kutafuta watu kidogo kuliko wengine. Uchunguzi huo ulionyesha pia kwamba karibu nusu ya tabia ya paka inatoka katika ukoo wake. Nusu nyingine inatoka mahali pengine, na hiyo nusu nyingine inaihusu Katuba sana.

Yupo yule wa masikio yaliyokunjika, Scottish Fold, ambaye picha zake zinawachekesha watoto. Wote walitoka kwa jike mmoja aliyeonekana katika shamba huko Scotland mwaka 1961. Masikio yanakunjika kwa sababu gegedu yake ni mbovu, na ubovu huo hauishii masikioni. Unaingia katika viungo vya miguu na mkia, na paka anaishi na maumivu. Kwa sababu hiyo nchi kadhaa za Ulaya hazipendi tena azalishwe. Na Sphynx, yule asiye na manyoya kabisa, alianzia Toronto huko Kanada mwaka 1966. Ngozi tupu, mikunjo usoni, masikio makubwa. Kama paka mweusi wa kawaida alipigwa mawe Upemba, mwenye Sphynx heri abaki naye Kanada.

Biashara nayo imeingia. Kuna watu wanaoweka picha ya vitoto vya paka weupe, wanaomba nusu ya bei itumwe kwanza kwa simu, wanasema mnyama anatoka Afrika ya Kusini na atapita Kasumbalesa. Pesa zikisha kwenda, mara karatasi za forodha zimekosekana, mara chanjo imekosekana, ongeza dola 50. Mwisho namba haipatikani. Mama mmoja muuza unga wa kartie Kisale alipoteza hivyo pesa za mtaji wa miezi miwili, kwa ajili ya zawadi ya binti yake. Hakupeleka malalamiko popote. Aliona haya kusema mbele ya polisi kwamba alinunua paka.

Hakuna kitu cha ajabu katika neno aina. Paka walianza kukaa na watu miaka elfu nyingi iliyopita, walipofuata panya waliofuata nafaka. Mwaka 2007 wataalamu waliopima damu za paka wa nchi nyingi walionyesha kwamba paka wa nyumbani wote, Mwajemi na wa Upemba pamoja, wametoka kwa paka pori mmoja, Felis lybica, ambaye hata leo anaishi Afrika, pamoja na mapori ya miombo ya Katanga. Anayekwenda shamba upande wa Kipushi au Kasenga anaweza kumwona asubuhi: miguu mirefu, mwili wa kijivu wenye mistari hafifu, mgongo wa masikio mwekundu. Hizo aina zenye majina, nyingi hazijafikisha miaka 150. Mashindano makubwa ya kwanza ya paka yalifanyika London mwaka 1871, katika jumba la Crystal Palace, na tangu hapo watu walianza kuchagua: huyu azae na huyu, yule asizae. Aina ni uchaguzi wa watu, pamoja na karatasi ya kuuthibitisha.

Ushahidi upo Afrika yenyewe. Mwaka 1978, huko Kenya (Kenya ya Nairobi na Mombasa, si mtaa wa Kenya jirani ya Katuba wenye soko), mama mmoja Mzungu aliyeitwa Jeni Slater alikuta vitoto vya paka karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, kando ya Bahari ya Hindi. Walikuwa wembamba, miguu ya nyuma mirefu kuliko ya mbele, mabaka ya kahawia na meusi kama gome la mti. Wagiriama, wenye nchi hiyo, waliwajua tangu zamani na walikuwa na jina lao, kadzonzo, jina linalosimulia gome hilo la mti. Kwao alikuwa paka tu. Wachache walipelekwa Denmark katika miaka ya 1980, wakazalishwa, wakaandikwa katika vitabu, na mwaka 1993 shirika la Ulaya la wafugaji wa paka, FIFe, liliwakubali kama aina kamili, Sokoke. Leo mtu wa Ulaya analipa pesa nyingi kwa mnyama ambaye nyumbani kwake alikuwa akifukuzwa jikoni kwa mwiko.

Hata yule anayeitwa Abyssin, mwenye rangi ya sungura na masikio makubwa, anabeba jina la zamani la Ethiopia. Mmoja wa kwanza kutajwa, Zula, alifikishwa Uingereza mwaka 1868 na askari waliotoka vita vya huko. Vipimo vya damu vya siku hizi vinaelekeza asili yake upande wa Bahari ya Hindi na Asia, wala si Ethiopia yenyewe. Jina linaweza kumdanganya hata mwenye karatasi.

Turudi Katuba basi, penye paka wasio na karatasi.

Anayetembea kutoka Kisale mpaka Upemba saa kumi na mbili jioni, wakati mama wanasonga bukari na harufu ya kapenta inatoka katika kila lupango, atawahesabu kwa urahisi. Wengi ni wa mistari, kijivu na nyeusi, wenye alama kama herufi M juu ya macho. Hiyo ndiyo nguo ya babu yao wa porini. Wapo wa rangi ya chungwa, na hao wengi ni madume. Wapo wa rangi tatu, nyeupe na nyeusi na chungwa pamoja, na hao karibu wote ni majike, kwa sababu ya namna rangi ya chungwa inavyorithiwa. Mwenye kutafuta jike la kuzaa hana haja ya kuinua mkia. Wapo weupe wenye mabaka. Na wapo weusi. Mwili mwembamba, manyoya mafupi, kichwa kidogo chenye umbo la kabari. Joto haliwashindi, vumbi wanalilamba lenyewe, wanakula vichwa vya kapenta na mabaki ya bukari. Hakuna Mwajemi anayeweza kuishi mwezi mmoja kama wanavyoishi.

Tatizo ni tabia. Watu wanasema paka wa Katuba ni mwizi, ni mkali, hashikiki. Ni kweli kwa wengi. Lakini hapo ndipo inaingia ile nusu nyingine. Kitoto cha paka kinajifunza kumzoea mtu kati ya juma la pili na juma la saba la maisha yake. Kikishikwa kila siku wakati huo, polepole, hata kwa dakika chache, kitakuwa paka wa watu. Kikifichwa nyuma ya mifuko ya makala mpaka miezi mitatu, kikimjua mtu kwa jiwe na maji ya moto tu, kitakuwa cha pori hata kama kilizaliwa chini ya kitanda. Baba yake pia anahesabika: dume jasiri huzaa watoto jasiri, hata kama hawakumwona kamwe. Na namna wanavyochukuliwa hapa inaharibu mengi. Mtoto wa jirani anaomba kitoto, anapewa kikiwa na majuma matatu, macho yamefunguka juzi, kinafungwa kamba shingoni, kinaburutwa mpaka nyumbani, kinafungwa kwenye mguu wa meza « kisipotee ». Juma la nane ndilo la kumtenga na mama yake. Mtu aliyelelewa kwa kamba shingoni naye angekwaruza.

Kwa upande wa rangi nyeusi, hakuna siri. Ni rangi inayorithiwa, kama mtu anavyorithi kidevu cha mjomba. Paka mmoja anaweza kuzaa mweusi, wa mistari na mweupe tumbo moja. Macho yanang'aa gizani kwa sababu nyuma ya jicho la kila paka kuna utando unaorudisha mwanga. Jicho la mbuzi linafanya hivyo hivyo, na hakuna anayempiga mbuzi mawe. Ile sauti ya mtoto mchanga juu ya mabati, iliyomuua paka wa Upemba, ni ya jike anayetafuta dume, au ya madume wawili wanaomgombania. Inasikika zaidi katika miezi fulani, kisha inaisha. Mweupe analia hivyo. Wa mistari analia hivyo. Hata Mwajemi wa dola mamia analia hivyo.

Wakubwa wengi wa Katuba wanajua haya, au sehemu yake. Walikua na paka katika nyumba za mtaa huu tangu miaka ya 1950, wakati mifuko ya unga ilihitaji mlinzi. Wanayajua, lakini wanaponyamaza neno la jirani linatembea peke yake. Katika lupango ya Upemba walikuwapo wakubwa wanne siku ile. Mmoja alikuwa mwalimu. Hakuna aliyetoka nje.

Wachungaji nao wana kazi hapa. Kuna vyumba vya sala ambamo jina la paka linatajwa kila juma, na daima ni mweusi, na daima mwenye paka ni mjane au mtoto yatima. Sheria ya Congo ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayemshtaki mtoto kuwa mlozi, na ni sheria nzuri. Bibi mzee wa chumba cha nyuma hakutajwa ndani yake. Anabaki na ulinzi wa majirani, nao ndio walioshika mawe. Hakuna anayeomba mtu aache imani yake. Kinachoombwa ni kwamba mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa siku ya kwanza, sala ifuate njiani, na paka aachwe juu ya mabati.

Haifai pia kumpamba paka kuliko alivyo. Wanaosema paka atamaliza panya wote wa avenyu wanadanganya. Mwaka 2018 wachunguzi walichapisha habari za kiwanda kimoja cha takataka huko New York, ambako walifuata panya wakubwa na paka wa mitaani kwa siku 79. Paka waliua panya wawili tu. Panya mkubwa wa mifereji ni mkali, na paka mwenye akili anamwepuka. Anachofanya vizuri ni kuua wale wadogo, na kuwatia hofu wengine wasitembee wazi usiku juu ya mifuko ya mahindi. Kwa mama mwenye mfuko mmoja wa unga, hofu hiyo ina thamani. Kifuniko kizuri cha ndoo kina thamani zaidi.

Na paka anauma. Kichaa cha mbwa kipo Lubumbashi, na paka anaweza kukipata na kukitoa. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kuona kama paka atakufa. Mama mjamzito asishike mavi ya paka. Anayeweza, ampeleke paka wake kupata chanjo. Mji huu una Universite yenye fakulte ya matibabu ya wanyama, jambo ambalo miji mingi ya Congo haina, na madaktari waliosomea hapo wako hata mitaani. Watu wengi wanadhani ni kwa ajili ya mbwa wa Wazungu na ng'ombe tu. Ni daktari huyo huyo anayeweza kumhasi dume ili aache kupigana na kulia usiku, na kazi hiyo ingepunguza maneno ya ulozi kuliko mahubiri mengi.

Halafu dawa ya panya. Katika soko, unga mweusi wa kuua panya unauzwa ndani ya vikaratasi visivyo na jina, karibu na chumvi. Anayeutega jikoni anaua panya, paka anakula panya, paka anakufa, na wiki ijayo panya wamerudi bila mlinzi. Wakati mwingine anayekufa ni mtoto aliyeokota kipande cha mkate. Kama burugumestre wa Katuba anatafuta kitu cha kukataza sokoni, aanze na vile vikaratasi.

Kijana yule wa Upemba bado anauliza bei ya Mwajemi. Tangu paka mweusi alipokufa, panya wametoboa mifuko miwili ya mahindi katika nyumba ya mbele, ile nyumba ya mtoto aliyepona. Mama wa mtoto amenunua ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Juma lililopita dada yake mdogo alirudi kutoka shule na kitoto cha paka ndani ya mfuko wa madaftari, cha rangi tatu, jike bila shaka, macho bado ya buluu. Kilikuwa na kamba shingoni. Mama alikata kamba kwa kisu cha jikoni, akamwambia binti akirudishe kwa mama yake kwa majuma manne zaidi, awe anakwenda kukishika kila jioni baada ya shule.

Ruashi ni mbali kutoka Upemba, taksi mbili kwenda na mbili kurudi. Mpaka sasa hakuna mtu wa lupango hiyo aliyekwenda kumsalimia Nkambo.